Kabla ya Jiwe la Msingi: Mahali Patakatifu pa Marungu na Kazi ya Mjenzi

Anayetoka Moba, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, kwenda Pepa, safari yake ni ya kupanda. Ziwa liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Vilele vya milima ya Marungu vinakaribia mita 2,460. Joto la ufukoni hubaki nyuma, miti ya miombo huanza kuachana, kisha nyanda za nyasi hufunguka pande zote, zimekatwa na mabonde membamba. Huko mabondeni, kando ya vijito, ndiko iliko miti mirefu: utepe wa msitu wa kijani kibichi, wenye giza hata saa sita mchana, ambao mtu huweza kuuvuka kwa hatua chache.

Mgeni huona kichaka tu. Lakini kwa imani ya kale ya Watabwa, wenyeji wa milima hii, kichaka kama hicho huenda kina mwenyewe. Mahali kijito kinapochimbuka, pango, poromoko la maji, mlima uliosimama peke yake, mti mkubwa kupita yote: hapo huweza kukaa ngulu, yaani pepo wa ardhi. Ngulu si mizimu ya wazee waliokufa; hao huitwa mipasi, nao huufuata ukoo popote unapohamia. Ngulu ni wa mahali. Hahamishwi, wala haalikwi kuja kukaa kwenye nyumba aliyojengewa. Watu walimkuta, wakajifunza anakaa wapi, wakapita hapo kwa adabu, na mfumu, yaani chifu wa eneo, ndiye aliyekuwa na jukumu la kutunza uhusiano huo kwa niaba ya wote.

Hapo pana jambo ambalo wasanifu wengi wa leo wanalitafuta mbali. Ulaya na Marekani wapo watu wanaojenga bustani za sala, nyumba za kutafakari na duara za mawe kwa kuiga makaburi na mahekalu ya kale, wakiamini kwamba mababu walijenga juu ya mishipa ya nguvu inayopita ardhini. Wengine hutembea na kijiti chenye panda mkononi wakingoja kitikisike, ndipo waseme hapa pawekwe madhabahu. Mawazo haya yana historia, na inafaa ijulikane kabla mtu hajayakubali au kuyakataa.

Mwaka 1921 Mwingereza Alfred Watkins, mkazi wa Hereford, alitazama ramani ya wilaya yake akaona kwamba makanisa ya zamani, vilima vya makaburi na mawe yaliyosimikwa vilikuwa kama vimepangwa kwenye mistari iliyonyooka. Mwaka 1925 alichapisha kitabu, The Old Straight Track, akieleza kwamba mistari hiyo ilikuwa njia za wasafiri na wafanyabiashara wa kale. Hakutaja nguvu yoyote ya ardhini. Hilo lilienea zaidi ya miaka arobaini baadaye, hasa baada ya John Michell kutoa kitabu chake The View Over Atlantis mwaka 1969, na njia za Watkins zikageuzwa kuwa mikondo ya nguvu isiyoonekana. Wanasayansi hawajapata kipimo kinachoonyesha kuwa mikondo hiyo ipo. Na hesabu yenyewe ni rahisi: katika nchi iliyojaa mabaki ya kale kila kona, mtu akiweka rula popote kwenye ramani atapata sehemu kadhaa zilizo kwenye mstari mmoja.

Hata hivyo, wajenzi wa kale hawakuweka mawe ovyo. Stonehenge, kusini mwa Uingereza, ambayo mawe yake makubwa yalisimamishwa yapata miaka 4,500 iliyopita, imeelekezwa mahali jua linapochomoza katika siku ndefu kuliko zote mwezi wa Juni, na upande wa pili mahali linapotua siku fupi kuliko zote mwezi wa Desemba. Mawe hayo, mengi yakiwa na uzito wa tani zaidi ya ishirini, yalikokotwa umbali wa kilomita 25 hivi. Watu walijua walichokuwa wakikifanya, na walikuwa wakitazama mbingu.

Afrika Mashariki ina ya kwake, na kwa umri inaitangulia Stonehenge ya mawe makubwa. Kaskazini mwa Kenya, kando ya Ziwa Turkana, kuna mahali panapoitwa Lothagam Kaskazini. Miaka kama 5,000 iliyopita wafugaji walichimba shimo pana, wakalizungushia jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, wakazika humo watu wao, na mwishoni wakasimika nguzo za basalti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba wamezikwa hapo watu wasiopungua 580: wanaume, wanawake, watoto wachanga, wazee. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake, shanga za mawe ya rangi, na mmoja wao pambo la kichwa lililoundwa kwa meno ya panya wa jangwani. Hakuna dalili ya mfalme aliyetengwa na wengine. Kinachogusa zaidi ni wakati wenyewe. Mvua zilikuwa zikipungua, ziwa likirudi nyuma, malisho yakihama. Watu ambao maisha yao yote yalikuwa yakisogea waliamua kwamba mahali pamoja pasisogee.

Turudi Marungu, maana nako kuna mstari, tena wa wenyeji wenyewe. Watafiti walioishi na Watabwa, akiwamo Mmarekani Allen Roberts aliyefanya kazi Lubanda, karibu na Mpala, katika miaka ya 1970, wameandika juu ya mulalambo. Ni mstari wa kati unaogawa pande mbili zinazolingana. Ardhini ni mgongo wa mlima unaotenga maji ya upande huu na ya upande ule. Mbinguni ni ule ukanda wa nyota unaokatiza usiku wa kiangazi. Mwilini ni mstari unaoshuka katikati ya kifua na tumbo, ambao zamani ulichanjwa ngozini na kuchongwa kwenye sanamu za mababu. Pamoja nao kuna balamwezi, safu za pembetatu zinazokumbusha kuchomoza kwa mwezi mpya, zilizosukwa kwenye mikeka na kuchongwa kwenye vigoda na vinyago. Mbunifu anayetaka kuweka alama za Marungu ukutani au sakafuni hana haja ya kukopa duara za mawe za Ulaya. Anayo lugha kamili ya maumbo, na lugha hiyo imefungwa na ardhi anayoikanyaga.

Na nguvu za ardhi? Katika sehemu hii ya dunia hazihitaji kijiti chenye panda. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, limekaa ndani ya ufa ambao bado unafunguka. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya ziwa, likabomoa nyumba Kalemie, likaua watu, na mtikisiko wake ukasikika hadi Nairobi. Upande wa kaskazini wa ziwa hilohilo, katika rasi ya Banza na huko Pemba, maji ya moto hutoka kwenye sakafu ya ziwa. Magharibi zaidi, Kiabukwa, katika bonde la Upemba, chemchemi yenye maji ya nyuzi 91 ilitumika kuzalisha umeme tangu mwaka 1952. Mtambo ulikuwa mdogo, wa kilowati zipatazo 200, wa kuhudumia kampuni ya madini, lakini ndio wa kwanza Afrika kupata umeme kutokana na joto la ardhi.

Kwa hiyo anayesanifu nyumba ya sala Kalemie, Moba au Pepa na kutamka neno nguvu za ardhi, swali la kwanza analopaswa kulijibu ni la msingi na kuta. Matofali yasiyofungwa kwa nondo hupasuka ardhi inapotikisika, na paa zito huangukia waumini. Paa jepesi, mkanda wa zege unaofunga kuta juu yote, madirisha yasiyokaribiana na pembe za nyumba: hizi nazo ni njia za kuiheshimu ardhi ya hapa. Nyumba za kale za miti na nyasi, zilizoyumba bila kuvunjika, zilikuwa na busara hiyo.

Majengo ya kwanza ya ibada ya kigeni yalikuja kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1883 Luteni Émile Storms, Mbelgiji aliyetumwa na jumuiya ya mfalme Leopold II, alifika Mpala na kujenga ngome. Mwezi Desemba 1884 watu wake walilishambulia boma la Lusinga, mfumu mwenye nguvu milimani, wakamuua na kumkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji. Sanamu yake ya mababu nayo ilichukuliwa, na leo imo katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Mwaka 1885 ngome ya Mpala ilikabidhiwa Mapadri Weupe, na nyumba ya vita ikawa nyumba ya sala. Baadaye walipanda Kirungu, juu ya Moba, wakaanzisha misheni ya Baudouinville na kuijengea kanisa kuu la matofali, makao ya Askofu Victor Roelens aliyekuwa askofu wa kwanza kuwekwa kwa ajili ya Kongo ya wakati huo.

Kanisa la Kirungu si la kubezwa. Vizazi vimebatizwa na kuzikiwa pale, na mikono iliyofyatua matofali yake ilikuwa ya wenyeji. Lakini umbo lake lilitoka Ulaya likiwa limeshakamilika, na ngulu wa vijito na mipasi ya koo waliambiwa waondoke. Mtu aliyeelewa uzito wa jambo hilo alitoka hukohuko. Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, alipewa upadri Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, akiwa Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi kupadirishwa. Kabla hajafika madhabahuni alikuwa ameshaandika makala ndefu kuhusu namna Wabantu wanavyofikiri na kuhisi, iliyochapishwa mwaka 1910 na 1911. Alitaka fikra za watu wake zieleweke kwa maneno ya mtu wa ndani.

Iliwachukua wajenzi miongo kadhaa kulifikia wazo hilo kwa mawe na mbao. Bujora, karibu na Mwanza, padri Mkanada David Clement alijenga na Wasukuma kanisa la duara linalofuata nyumba ya kitemi. Altare ina umbo la kiti cha mtemi, na tabenakulo ni kijumba cha Kisukuma chenye ngao na mikuki. Kiwanja hichohicho ndicho chenye makumbusho ya Wasukuma. Anayeingia kusali anapita kati ya ngoma za kifalme na historia ya watemi, na hakuna anayemwambia achague.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Namugongo, mahali Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886, Papa Paulo VI alibariki jiwe la msingi la altare mwaka 1969, na mwaka 1975 likazinduliwa kanisa lililosanifiwa na Justus Dahinden wa Uswisi. Kwa mbali ni nyumba ya Kiganda ya kale, paa refu la msonge linaloteremka karibu kugusa ardhi. Kwa karibu ni chuma na shaba: nguzo 22 zinaushikilia msonge huo, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Lakini hata Namugongo isingekuwa Namugongo kilomita tano pembeni. Mahali ndipo palipotangulia, kisha nyumba ikafuata.

Wabahai, ambao sheria yao inataka hekalu liwe na pande tisa na milango tisa, wamefanya kazi ileile kwa njia yao. Hekalu lao la Matunda Soy, magharibi mwa Kenya, lililowekwa wakfu Mei 2021, lina paa linalokumbusha nyumba za msonge za eneo hilo. La Kinshasa, lililofunguliwa Machi 2023 na kusanifiwa na ofisi ya Wolff ya Cape Town, lina kuba lililopambwa kwa michoro iliyotokana na sanaa za watu wa Kongo, na mto mkubwa ulikuwa mojawapo ya mawazo yaliyoongoza usanifu wake. Kanisa Katoliki nalo lilikuwa limeshafungua mlango kwa maneno: misale ya Kizaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, inawaita mababu wenye mioyo myema pamoja na watakatifu. Kama mababu wanaweza kuitwa katika sala, wanaweza pia kupewa nafasi katika ramani ya jengo.

Hapa lakini pana hatari. Umbo ni rahisi kunakili. Msonge wa mabati unaweza kusimikwa hata kwenye uwanja wa hoteli. Kinachofanya mahali pawe patakatifu ni shughuli ndefu ya watu, nayo haiuzwi pamoja na michoro.

Makaburi ya Kasubi, Kampala, yanaonyesha hilo kwa uchungu. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa mwaka 1882 kama jumba la Muteesa I, Kabaka (mfalme) wa Buganda, na hatimaye ikalaza Makabaka wanne. Ndani, chini ya paa la nyasi, kuna mizingo 52 iliyofungwa kwa mkono, mmoja kwa kila ukoo wa Buganda. Kazi ya kuezeka ni ya watu wa ukoo wa Ngeye. Ya kupamba ni ya ukoo wa Ngo. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba iliungua. Fedha zilipatikana, wahandisi walikuwepo, na bado ujenzi ulichukua zaidi ya miaka kumi, kwa sababu kila hatua ilidai watu wake, miiko yake na nyasi zake. Vijana walipaswa kufundishwa kuezeka upya. Mwaka 2023 UNESCO iliyaondoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mkandarasi angemaliza kwa mwaka mmoja, na angekabidhi jengo lisilo Kasubi.

Pwani ya Kenya, Wamijikenda hawakuhitaji hata jengo. Kaya zao, ambazo kadhaa ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, ni misitu yenye mpango: njia moja au mbili za kuingilia, malango, uwazi wa katikati walipokutana wazee, makaburi, na fingo iliyofukiwa ardhini kuulinda mji. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamehama. Wazee walibaki na sheria: usikate mti, usichunge mifugo, usiingie bila idhini. Leo, katika pwani iliyofyekwa kwa mashamba na hoteli, wanasayansi wa mimea wanakimbilia kaya kutafuta aina za miti ambazo kwingine zimetoweka. Huo ni usanifu wa mahali patakatifu bila tofali hata moja, na umedumu kuliko majengo mengi.

Pepa inaweza kujifunza zaidi kwa kaya kuliko kwa Namugongo. Enzi za wakoloni nyanda hizi ziligeuzwa malisho ya makundi makubwa ya ng'ombe, na ufugaji umeendelea. Ng'ombe hushuka kunywa, hukanyaga kingo za vijito, miche hufa, na watu hufuata mbao na kuni palepale. Anayepata hasara ya kwanza ni ndege mmoja mdogo, chozi wa Marungu, ambaye wataalamu humwita Cinnyris prigoginei. Hapatikani penginepo duniani ila katika milima hii, na makao yake ni ule utepe wa msitu wa kando ya maji. Amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Anayeujua ule mpango wa ngulu ataona kwamba ramani ya chozi na ramani ya mahali patakatifu zinapishana kwa sehemu kubwa: machimbuko, mabonde, miti mikubwa isiyoguswa.

Hivyo parokia, kanisa la uamsho, msikiti au ukoo unaotaka kujenga mahali pa sala katika nyanda hizi ungeanzia majini. Kwanza, pamoja na mfumu na wazee, kutambua machimbuko yaliyokuwa na heshima zamani na yale yanayohitaji kuheshimiwa sasa. Kisha kuzungushia ua ili ng'ombe wanywe chini zaidi, na kuotesha miti ya hapohapo, si mikaratusi inayokausha kijito. Jengo, kama lipo, likae nje ya msitu, mlango wake ukitazama chimbuko au mgongo wa mlima, sakafu ikichorwa mulalambo kutoka kizingitini hadi altareni au kwenye mihirabu. Mwislamu ana kibla chake na Mkatoliki ana altare yake. Mstari wa maji unaweza kuwapokea wote wawili nje, kabla hawajavua viatu au kuchovya vidole katika maji ya baraka.

Kuna pia suala la karatasi. Sheria ya ardhi ya Kongo ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, isiyouzwa wala kuhamishwa. Wananchi hupewa haki ya kuitumia. Chimbuko ambalo kila mzee analijua lakini halimo katika hati yoyote linaweza kujikuta ndani ya shamba la mtu mwingine siku hati inapotolewa. Mipaka ya mahali patakatifu inahitaji kupimwa, kuchorwa na kupelekwa katika ofisi za ardhi mapema, ikiwa na majina ya wanaopatunza. Kazi hiyo haina mvuto wa kuba wala nguzo za shaba. Inataka mpimaji, wazee wachache wanaokumbuka, na kijana wa kuandika wanayoyasema wakiwa bado wanaweza kutembea hadi kijitoni.